Mzazi Hatoki Kabla ya Soko

Mama Anselm aliteremka kwenye ndege mwezi wa Februari mwaka 1996, na baridi ya Minnesota ilipompiga usoni hakulalamika hata kidogo. Alijifunga kitenge cha pili juu ya koti, akatazama theluji iliyorundikana kando ya barabara, akasema, "Afadhali. Hata Mungu mwenyewe amefunga mlango."

Sisi tuliokwenda kumpokea tulicheka. Tulidhani ni mzaha wa bibi aliyechoka na safari. Kumbe mwenzetu alikuwa anatutangazia sheria za nyumba.

Mimi ni Fadhila, mtu wa Tanga, na wakati huo nilikuwa jirani wa mwanawe mlango kwa mlango kwenye magorofa ya kupanga ya Eagan. Shoga yangu Redempta alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza wiki ile ile. Walimwita Tulia, jina ambalo mtoto yule hakulitendea haki hata siku moja. Redempta alifanya kazi maabara moja huko Eden Prairie, wakipima maji ya kunywa. Mumewe Anselm ni mhandisi, mtu mpole kupita kiasi. Nilipomwona mama yake ndipo nilipoelewa upole ule umetoka wapi: ukilelewa na mvua ya mawe, unajifunza kukaa kimya chini ya paa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama Anselm hakungoja kupewa. Siku ya kwanza alivua viatu, akaingia jikoni, akanyang'anya mwiko.

Kwao Kibosho, Uchagani, kama alivyotueleza huku akimenya ndizi, mwanamke aliyejifungua hukaa ndani miezi mitatu. Hafagii, haoshi vyombo, hainami kuokota kitu. Kazi zake ni mbili tu, kunyonyesha na kula. Asubuhi mtori, ile supu nzito ya ndizi mbichi na nyama, mchana mtori, na jioni kwa kubadilisha mdomo anapewa nyama na supu yake. Miezi ikitimia ananyolewa, anapakwa mafuta kichwani, anavikwa vizuri, anapelekwa sokoni, na wanawake wa sokoni humwimbia nyimbo za wanaume waliorudi kutoka vitani. Soko likishamwona, ndipo anaruhusiwa kushika kazi tena. Na akitoka amekonda, hawamsemi yeye, wanamsema aliyemlisha.

"Kwetu ni siku arobaini," nilimwambia, nikitaka kuchangia.

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Arobaini? Hapo hata nyonga hazijarudi mahali pake. Ninyi watu wa pwani mnakimbilia wapi, na kazi zenyewe hamna?"

Anselm naye akaleta habari kwamba sheria ya Marekani inampa mfanyakazi aliyejifungua ruhusa ya miezi mitatu, ingawa bila mshahara. Mama alifurahi sana. Alisema aliyeiandika sheria hiyo lazima alilelewa na Mchaga, na akaongeza kipande cha nyama kwenye sufuria kwa heshima yake.

Taabu yake ilikuwa ndizi. Maduka ya Eagan yalikuwa na ndizi zilizoiva tu, za manjano, zimepangwa vizuri, na yeye alizitazama kwa dharau. Kwa hiyo kila Jumamosi nilimpeleka Frogtown, barabara ya University, kwenye duka la familia moja ya Wahmong, watu wa Asia, ambako mbichi zilipatikana. Humo dukani alikuwamo bibi mdogo wa umbo, mjukuu kambeba mgongoni kwa mbeleko iliyotariziwa. Mama Anselm aliiona ile mbeleko, akasimama.

"Hawa ni watu," aliniambia.

Tangu siku hiyo wakawa marafiki, na hakuna hata mmoja aliyejua neno la lugha ya mwenzake. Mama Anselm alionyesha tumbo, akaonyesha mtoto, akaonyesha mtu anayekula. Yule bibi alielewa papo hapo. Akapiga mabawa kwa viwiko, kuku, akaonyesha bakuli la supu, kisha akaenda kwenye kalenda ya ukutani akapapasa ukurasa mmoja. Mwezi mmoja, kuku tu. Mama Anselm akaisogelea ile kalenda, akafunua ukurasa, na mwingine, na mwingine. Yule bibi alicheka mpaka akakohoa.

"Kuku mwezi mzima," Mama Anselm alisema garini tukirudi. "Maskini. Lakini angalau jambo lenyewe wanalijua."

Basi Redempta akanenepa. Mashavu yalijaa, shingo ikapata mikunjo, na siku moja Mama Anselm alinigongea mlango nije kushuhudia kwamba sketi ya suti ya buluu ya Redempta haifungi. Alikuwa anang'aa kwa furaha. Redempta mwenyewe alisimama katikati ya chumba, zipu iko nusu, macho yakiniomba nisicheke. Nilicheka.

Lakini lile jambo la suti halikuwa la kucheka, maana alikuwa ameijaribu kwa sababu. Mkuu wa maabara yao alikuwa anastaafu. Nafasi hiyo Redempta aliitolea macho miaka mingi, tangu alipokuwa mwanafunzi anayeosha chupa, na usaili ulipangwa Alhamisi ya wiki ya tano ya uzazi wake. Asipotokea, nafasi ingekwenda kwa kijana mmoja aliyefundishwa kazi na Redempta mwenyewe.

"Fadhila," aliniambia, "yule nikiwa likizo amenipigia simu mara mbili kuniuliza swichi ya mashine iko wapi. Halafu arudi kuwa bosi wangu?"

Nilimshauri atoroke. Nilikuwa tayari kumngoja nyuma ya jengo, injini ikinguruma. Alikataa. Alisema mama mkwe amevuka bahari kuja kumlisha, hawezi kumwibia heshima yake kwa mlango wa nyuma. Hapo nilimpenda zaidi, ingawa nilimwona mjinga.

Akaenda kumwambia jikoni waziwazi. Mama Anselm hakugeuka hata kichwa.

"Waambie waje hapa," alisema. "Nitawapa mtori."

"Mama, huku hawaji nyumbani. Mtu anakwenda ofisini kwao."

"Basi hiyo kazi hawana haja nayo sana."

Jioni hiyo Anselm alikuja kwangu kuazima chumvi, na chumvi walikuwa nayo. Alikaa kwenye kiti, akashika kichwa. Mke huku, mama kule. Baadaye akanyanyuka ghafla na kusema neno moja, "Sale." Akaondoka bila chumvi.

Ilibidi Redempta anieleze, maana naye ni Mchaga. Sale ni mmea wenye majani marefu ambao kwao hupandwa mipakani. Ukimkosea mtu, au ukiwa na ombi zito, unampelekea jani la sale, na huyo mtu hana ruhusa ya kulikataa. Hata kama ulimchomea nyumba, akishalipokea neno limekwisha. Sasa Anselm alikumbuka kwamba kwenye mapokezi ya ofisi yao hapo Eagan pana mmea ule ule, ndani ya chungu, karibu na kochi la wageni. Miaka yote alikuwa anaupita bila kuutazama.

Kesho yake, mhandisi mwenye shahada mbili alingoja dada wa mapokezi aende kuchukua kahawa, akakata jani, akalificha ndani ya koti ili baridi isilikaushe. Alipofika nyumbani alikuwa anatokwa na jasho la mwizi.

Nilikuwapo. Redempta alipiga magoti, akalitoa jani kwa mikono miwili. "Mama, naomba niende Alhamisi."

Mama Anselm alilipokea, kwa kuwa hana njia ya kutolipokea. Kisha akalipeleka dirishani, akaligeuza huku na huku.

"Lina michirizi."

Ni kweli. Katikati ya jani ulipita mstari wa manjano kutoka juu mpaka chini.

"Ndiyo, Mama," alisema Anselm.

"Sale ni kijani tupu."

"Ni la huku, Mama. Lakini ni ukoo ule ule."

"Limeota wapi?"

Anselm hajawahi kumdanganya mama yake, hajui hata pa kuanzia. "Ofisini. Kwenye chungu."

"Nani analimwagilia?"

"Kuna watu wameajiriwa, Mama. Wanapita kumwagilia."

Mama Anselm alikaa chini. Kwamba wapo watu duniani wanaolipwa kumwagilia sale maji, wakaliweka ndani ya nyumba karibu na kochi, na hawajui kwamba lingeweza kuwapatanisha na adui zao, hilo lilimchukua muda. Halafu ukaanza mjadala, je, sale la michirizi linamfunga mtu au halimfungi? Redempta alisema linafunga. Anselm alisema anadhani linafunga. Mama akasema hao wote wawili wana masilahi yao, akanigeukia mimi.

"Wewe wa Tanga, huna upande. Unasemaje?"

"Mama," nilisema, "mtu akikusalimia kwa lafudhi mbovu, salamu si umeshaipata?"

Alifikiri. Akaliweka jani juu ya friji.

"Limefika," alisema. "Lakini lina michirizi, kwa hiyo na mimi nina sharti. Mzazi hatoki ndani kwenda kazini. Mzazi anatoka kwenda sokoni. Akishaimbiwa, aende anakotaka."

"Soko lipi, Mama?" aliuliza Anselm.

"Kwani ndizi unazokula hutoka wapi?"

Alhamisi asubuhi nilikuwa dereva. Kwenye kunyoa walikuwa wamepatana Redempta akatwe kishungi kimoja tu nyuma ya sikio, na mafuta apakwe mikononi badala ya kichwani. Suti alivaa, ila sketi ilishikwa na pini kubwa ya nepi, na koti liliachwa wazi. Tulia alilia kutoka Eagan mpaka Frogtown bila kupumzika. Mama Anselm alikaa mbele kwa fahari kubwa, chupa ya mtori mapajani, endapo usaili ungekawia.

Saa mbili tuliingia dukani. Kulikuwa na wateja wachache wakichagua mboga. Yule bibi wa duka alimtazama Redempta, akamtazama mtoto, akamtazama Mama Anselm aliyevaa kitenge chake kipya, na sikuona haja ya mtu yeyote kumweleza kitu. Kwanza alitikisa kichwa na kuinyooshea kidole kalenda, kwamba miezi mitatu imekuwaje mmoja na kidogo? Mama Anselm akajifanya haoni. Kisha bibi akaiona ile pini. Akaenda nyuma, akarudi na sindano na kipande cha kitambaa cheusi, akapiga magoti kwenye sakafu ya duka lake, akaanza kuishona sketi mwilini mwa mwenyewe. Mkono wake ulikwenda mbio hata sikuweza kuufuata. Alipokata uzi kwa meno, sketi ilikuwa imefungika.

Ndipo Mama Anselm akaimba. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia, ikajaa duka zima. Nikapiga vigelegele vya Kitanga, maana vya Kichaga sivijui. Yule bibi akapiga makofi. Mteja mmoja akasimama na kabichi yake mkononi, na baada ya kitambo naye akaiweka chini akapiga makofi. Redempta alisimama katikati amenyooka, suti imemkaa, mashavu yamejaa, mtoto kifuani. Kwa mara ya kwanza Tulia akanyamaza.

Wimbo ulipokwisha Redempta alicheka, akafuta macho, akauliza kama mtu anayeuliza jambo dogo, "Mama, na wewe walikuimbia wimbo huu huu, ulipomzaa Baba Tulia?"

Mama Anselm alikuwa ameshageukia ndizi. Alibonyeza moja, akaiacha.

"Mimi?" alisema. "Mama mkwe alishakufa. Baba Anselm alikuwa Arusha kazini. Nani angenilisha? Mimi nilitolewa na jembe. Wiki haijaisha nipo kwenye kahawa, mtoto mgongoni." Akabonyeza nyingine. "Hizi si mbaya. Tuchukue."

Wiki zote zile nilidhani anarudisha alichopewa.

Redempta aliangalia saa ya ukutani. Eden Prairie ilikuwa mbali, na barabara ilikuwa na barafu. Akanipa mtoto. Akamshika mama mkwe wake mabega, akamtoa kwenye ndizi, akamsimamisha pale pale aliposimama yeye.

"Fadhila," alisema, "piga tena."

Nikapiga. Na Redempta akaimba, maneno mengine akiyakosea, akimzunguka yule mama na suti yake iliyotoka kushonwa. Yule bibi wa duka hakuelewa kwa nini tunarudia, lakini alipiga makofi kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo. Mama Anselm alisimama kama mtoto anayepimwa nguo, mikono hajui aiweke wapi, machozi yakimshuka.

"Acheni," alisema. "Mtachelewa kazini." Lakini hakusogea mpaka wimbo ulipokwisha.

Tulichelewa. Redempta alikimbia kuingia ofisini, nasi tukabaki garini, Mama Anselm akinilisha mtori kwa kijiko kwa kuwa eti nimekonda. Ndani walimwuliza, kwa adabu yao ya Kiminnesota, kama alipata matatizo njiani. Hakutafuta kisingizio. Aliwaambia alimpeleka mama mkwe wake sokoni, na kwamba safari hiyo ilikuwa imechelewa sana, haikuweza kungoja tena.

Nafasi aliipata.