Mkono wa Kukata Ngozi ya Mbuta

Niliuona mkono wa mama ukitetemeka kabla yeye mwenyewe hajakubali. Alikuwa akimimina chai, ikamwagikia sahani. Akaifuta kwa leso, akanitazama kwa jicho la kukataza swali.

Nyumba yetu hapa Homa Bay hushona mikoba ya ngozi ya mbuta, ile inayobebwa na mabibi harusi wa Nairobi wasiojua kwamba ngozi hiyo ilianza ikinuka samaki. Bibi aliianzisha kazi, mama akairithi. Kaka yangu hulainisha ngozi, mimi hushona, na usiku huandika hadithi. Kukata ni kwa mwenye nyumba peke yake, bila kuchora mstari. Ngozi ikikosewa haiungwi.

Kisha akaja mwanamke mmoja mwenye duka kubwa Nairobi. Alitaka kumwona mama akikata kabla hajaagiza mikoba ya mwaka mzima. Kaka akatandaza mezani ngozi tuliyoingojea kutoka Muhuru Bay, pana, haina kovu hata moja. Hatukuwa na nyingine kama hiyo.

Mama akashika kisu. Ncha yake ikaanza kugonga meza, polepole, kama meno ya mtu mwenye homa. Nikakohoa ili kuifunika sauti ile. Kaka naye akakohoa.

"Poleni," mgeni akasema. "Ni upepo wa ziwa?"

"Ni vumbi la ngozi," mama akajibu, bila kuinua macho. "Na kwetu, mzigo wa kwanza wa mgeni hukatwa na mrithi."

Haikuwa hivyo kamwe. Akanitia kisu kiganjani. "Nyathina," akaniita, mwanangu, kwa Dholuo, lugha anayoikimbilia akiogopa. "Kata."

"Mwandishi," kaka akaninong'oneza, "hapa hakuna kufuta."

Nikakata nikifuata safu za magamba, pumzi nimeibana, hadi kisu kikatokea upande wa pili. Mgeni akapitisha kidole ukingoni, akatabasamu.

"Mama, huyu amerithi mkono wako."

Mama akacheka naye. Mimi sikuweza. Nilimkumbuka bibi miaka yake ya mwisho, akinyweshwa uji kwa kijiko kwa kuwa kikombe kilikataa kutulia mkononi mwake, nasi tukasema ni uzee.

Siku hizi, kabla sijagusa kisu, hushika kikombe na kuutazama uso wa chai. Bado umetulia. Mama, upande wa pili wa meza, hukitazama kikombe changu, si chake.