Karani Aliyekalia Mafaili

Mimi ni mfagizi wa ofisi ya ardhi, mwaka wa kumi na tisa huu, kwa hiyo habari za watumishi wa umma msinihadithie. Nawajua mpaka wanachotupa kwenye ndoo.

Karani wa dirisha la tatu tulimwita Rudi Kesho. Mfupi, maskini, na dirisha lile limejengwa juu. Aliandika barua kuomba kiti kirefu, barua ikapotea makao makuu. Basi akapanga mafaili kitini, akayakalia, na kutoka huko juu akawa anawatazama wananchi kama wamekuja kumwomba figo. Mafaili yakibonyea, anaongeza mengine.

Mjane mmoja, fundi cherehani, alikuja mara saba. Shemeji yake alidai nyumba aliyoachiwa na marehemu ni ya ukoo, na Alhamisi baraza lingeamua. Bila faili la kiwanja lenye muhuri, angetolewa nje yeye, watoto na cherehani yake.

"Faili halionekani," Rudi Kesho alimwambia Jumatano.

"Kaka, nililileta mwenyewe. Ulilipokea wewe."

"Kwa hiyo nimelila? Rudi kesho."

"Kesho ndiyo baraza."

Akaguna, akashuka kwenda kunywa chai. Na wala hakuwa akidanganya, hilo ndilo lililonichefua. Alishatafuta kabatini, akatafuta hadi chini ya meza. Mwizi angalau anajua alikoficha.

Kiti kile sikuwahi kukipangusa, na hapo nina aibu yangu. Siku hiyo nilikipangusa. Faili la tatu kutoka chini lilikuwa na jina la marehemu. Nikayabeba yote, nikayabwaga kaunta, la mjane juu kabisa; naye, bado yuko pale dirishani, akalikamata.

Rudi Kesho aliporudi alijitupa kitini bila kuangalia, akazama. Dirishani kikabaki kipara tu.

"Gonga muhuri," nikamwambia.

Akanyoosha mkono kulichukua faili. Fundi hakuliachia. Alilishika kwa mikono miwili.

"Gonga hapa hapa, nikiona."

Akasimama kwa ncha za vidole, akagonga.

Nyumba ilibaki ya fundi. Na serikali, isivyo na haya, mwezi uliofuata ikamletea bwana yule kiti kirefu, kipya. Hakikumsaidia kitu. Hadi leo akisema faili halionekani, mtu aliye mbele ya foleni humjibu kwa adabu zote:

"Sawa, mzee. Hebu inuka kwanza tuone."