Kamati ya Bahari

Kampala huwezi kuoa, kuzika wala kubatiza mtoto bila kamati, na mimi nilikuwa nimeishi pale muda wa kutosha hata sikushangaa tulipounda kamati ya kwenda kuoga baharini. Tulikuwa wanawake wanne wa kiwanda kimoja cha magodoro upande wa Nakawa. Msimamizi wa washonaji alikuwa mwenyekiti, kwa sababu popote alipoketi yeye palikuwa mbele. Dada wa ofisi ya malipo akawa mweka hazina. Binti wa mapokezi, mdogo wetu, akawa katibu. Mimi mtunza stoo nikapewa cheo ambacho sidhani kimewahi kuwapo katika kamati nyingine yoyote: mshauri wa mambo ya bahari.

Cheo hicho nilikipata kwa sababu ya pasipoti. Kwa watu wa kiwandani kwetu, Kenya ilianzia Nairobi ikaishia Mombasa. Niliwaambia wazi kwamba kwetu ni Bungoma, kwamba kutoka Bungoma kuja Kampala ni karibu kuliko kwenda pwani, na kwamba maji makubwa niliyowahi kuyaona ni ya ziwa lile lile wanaloliona wao. Mwenyekiti alinisikiliza huku anachokonoa meno.

"Nnyabo, wewe si Mukenya?"

"Ni Mkenya, mama."

"Na Kiswahili unajua?"

"Najua."

"Kale. Haya, bahali ni yenu. Tupeleke." Kwa ulimi wake wa Kiganda, bahari ilikuwa bahali.

Wazo lenyewe lilitoka kwenye kalenda iliyotundikwa katika chumba chetu cha kulia chakula, yenye picha ya Kilifi: maji ya buluu, nyumba nyeupe, daraja refu limepita juu. Mwezi ule ulipokwisha katibu alikataa kuugeuza ukurasa. Mei Mosi ya mwaka uliofuata ingeangukia Ijumaa. Tungepanda basi Alhamisi jioni, Jumamosi nzima tuwe majini, na Jumatatu asubuhi tushuke kwenye basi tukiingia kazini moja kwa moja. Mwenyekiti akasema jambo kubwa kama hilo haliwezi kuzungumzwa tukitafuna posho, ugali wa Uganda, linahitaji mikutano. Akauliza nani ana nyumba isiyo na watoto. Wote wakanigeukia.

Sasa niseme habari ya Jumapili zangu. Siku za kazi sikuwa na neno. Stoo ina kelele na watu hawaishi kuja kudai hiki na kile. Lakini Jumapili ya Kampala ni ya ndugu. Baada ya ibada watu walinipa mkono, wakaniuliza habari za Kenya kana kwamba nimetoka huko asubuhi ile, kisha kila mmoja akashika njia ya kwa shangazi yake au kwa kaka yake. Mimi nilirudi kwenye fleti yangu ya Bugolobi nikapiga pasi nguo nilizokwisha kuzipiga pasi Jumamosi. Sisemi kwamba watu wa Kampala ni wabaya. Ukifiwa, watajaa kwako hadi ukose pa kukanyaga. Shida yangu ni kwamba sikuwa nimefiwa.

Basi kamati ikaja kwangu. Jumapili ya kwanza nilikuwa na viti viwili na vikombe vya kila namna. Ya pili nilikuwa nimenunua seti ya vikombe vinne vyenye maua mekundu, na nimebeba kutoka stoo vipande vya godoro vilivyokataliwa nikavishonea mito ya kukalia. Mkutano ulifunguliwa kwa sala. Kisha katibu alisoma kumbukumbu za mkutano uliopita, hata kama mkutano uliopita tulizungumza habari za nywele tu. Na nywele zilituchukua muda mrefu. Mweka hazina alikuwa ametia dawa, naye alitaka mshauri amwambie kama chumvi ya bahari itapatana nayo au itamwacha na upara. Mshauri hakujua. Mshauri alisema kwa sauti ya kujiamini kwamba ni heri kusuka.

Suala la nguo lilikuwa zito zaidi.

"Mimi na umri wangu siwezi vaa chupi mbele ya watu," alisema mwenyekiti. "Mimi naingia na busuuti yangu."

"Maji itakuvuta, Mama," katibu akamwambia, maana busuuti, gauni la Kiganda, ni kitambaa kingi, na mshipi wake juu.

"Ivute. Itachoka."

Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta. Nakumbuka nilifurahi alivyogonga. Mimi pia nilikuwa na nyumba ya kugongewa ukuta.

Walitaka pia chakula cha pwani, ili wazoee mapema. Kwetu Bungoma tunajua ugali na kuku na mboga za majani. Nikaenda soko la Kalerwe kwa mama mmoja muuza viungo, Mwislamu, ambaye ukoo wake uliletwa Buganda zamani na biashara kutoka pwani. Alinielekeza wali wa nazi kwa ukali, kama anayemfundisha mtoto Kurani, tui zito mwisho, moto mdogo, usikoroge. Nilipomuuliza pwani kukoje alicheka. Hakuwahi kufika. "Babu zetu walitoka huko," akasema, "sisi tumebaki na mapishi." Nilipika wali huo karibu kila Jumapili kutoka Januari mpaka Aprili, na ulifika mahali ukawa mtamu kweli.

Kuiona bahari nilitaka, lakini si bahari iliyokuwa ikinifanya niamke Jumapili nimechangamka. Nilikuwa nimejiwekea moyoni kwamba wafanyakazi wenzako ni watu wa kiwandani, lakini watu mliolala chumba kimoja ugenini, mkaoga maji mamoja, mkatapika kwenye basi moja, hao tayari ni wako. Baada ya Kilifi wangekuja Jumapili bila ajenda. Hicho ndicho nilichokuwa nikikipanga, na sikumwambia mtu.

Kazi ya kutafuta malazi ilikuwa yangu. Nilikuwa nikienda kwenye kibanda cha simu karibu na fleti, nampigia mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Kilifi.

"Vitanda vinne, mwanangu?"

"Vinne, mama. Chumba kimoja, hatutaki kutengana."

"Mei? Mna msiba huku?"

"La, tunakuja kutembea tu."

"Haya. Karibuni nyote."

Mtu wa pwani angeelewa swali lile. Mei ni mwezi wa mvua kule, bahari imechafuka, na hakuna anayekwenda kutembea akiwa na akili zake. Mshauri wa mambo ya bahari hakuelewa. Alirudi kwa kamati akaripoti kwamba nafasi zipo tele.

Siku zilipokaribia, tukafika kwenye kipengele cha mengineyo, na mwenyekiti akajisafisha koo. Binti ya kaka yake alikuwa amepata mchumba, na kwanjula, ile siku ya kumtambulisha kijana kwa wazazi, imewekwa Jumamosi ya safari yetu, huko Masaka. Yeye ndiye ssenga, shangazi wa bibi harusi. Kwa Waganda ssenga ndiye anayemtoa binti mbele ya wageni. Asipokuwapo hapana shughuli. Nilimwambia kwa moyo mweupe kwamba hawezi kukosa, na kwamba sisi watatu tutamletea zawadi.

Mweka hazina akanyoosha mkono. Je, si aibu kamati kumwacha mwenyekiti wake peke yake siku kubwa kama hiyo? Katibu akaunga mkono kabla hajamaliza.

"Na bahari?" nikauliza.

"Bahali haiendi popote," alisema mwenyekiti, akanishika goti. "Wewe enda, mukwano, rafiki yangu. Ni kwenu. Usikose kwenu kwa sababu yetu. Utatuletea maji ya chumvi tuonje."

Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililoniumiza. Waliamini wananipa ruhusa ya kwenda nyumbani. Mimi nilingoja mmoja aseme, "Au twende wote Masaka?" Ningekwenda. Ningemenya ndizi, ningeosha sufuria, ningekaa nyuma kabisa kwenye hema. Lakini mtu haombi kualikwa, au mimi sikufundishwa hivyo. Wakala wali, wakasifu, wakaondoka.

Siku chache baadaye nilipeleka nyuzi kwa washonaji wakati wa chakula cha mchana. Mwenyekiti alikuwa kwenye cherehani anapinda upindo wa busuuti ya kijani, na nyingine mbili za kitambaa kile kile zilikuwa zimetundikwa dirishani. Sare ya kamati. Nilitafuta ya nne kwa macho, hata chini ya meza nikaangalia. Katibu alivaa yake palepale juu ya sketi, akajizungusha mbele yangu.

"Imenikaa?"

"Imekukaa," nikamwambia, na kwa kweli ilikuwa imemkaa.

Nikaenda Kilifi. Nilikuwa na hasira, tena ya kitoto: nilitaka wajute, na huku nikijua hawatajuta, kwa kuwa hawakuona walilotenda. Mara kadhaa nilikuwa nimekwenda kwenye kile kibanda cha simu ili nibadilishe idadi ya vitanda. Kila mara nilimpisha mwenye haraka zaidi, kisha nikaenda zangu. Neno "kimoja" lilikuwa limenikwama.

Nilifika Ijumaa magharibi, mvua inanyesha. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mfupi mwenye leso mbili, sauti ile ile ya kwenye simu. Alichungulia nyuma yangu.

"Wenzio?"

"Wanakuja na basi la nyuma."

"Basi la nyuma," akasema, akanipokea begi.

Vitanda vinne vilikuwa vimepangwa mstari mmoja, mashuka ya maua, na juu ya kila kimoja taulo iliyokunjwa na kipande cha sabuni. Alikuwa ameweka hata ndala pea nne mlangoni. Nilibonyeza magodoro yote, mazoea ya kazi, nikalala kwenye kile cha ukutani.

Asubuhi, kabla sijafungua mlango, niliinuka nikavuruga vile vitanda vingine vitatu. Nilivuta mashuka, nikagandamiza mito kwa kiwiko, nikalowesha taulo mbili kwenye karai. Sijui nilikuwa namdanganya nani. Mama yule alikuwa na masikio, na usiku kucha hapakusikika basi wala hodi. Lakini nilishindwa kumwachia aone vitanda vitatu vimenyooka vile.

Bahari haikuwa ya kwenye kalenda. Ilikuwa ya udongo, imejaa mwani, na mawimbi yalikuja yamekasirika. Niliingia na kanga hadi magotini nikasimama. Saa ile Masaka ssenga alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, wenzake wawili nyuma yake, kijani kitupu. Nililia kwa sauti, maana bahari ilikuwa na kelele kuliko mimi na pwani nzima hapakuwa na mtu. Halafu nikaramba mkono wangu. Chumvi ile ilikuwa kali kuliko nilivyowasimulia. Nikajaza chupa ya soda, nikaifunga vizuri.

Niliporudi, vitanda vyote vinne vilikuwa vimetandikwa upya, na taulo mbili mbichi zimeanikwa barazani. Jioni mama akaleta samaki na wali wa nazi, akapanga sahani nne kwenye mkeka. Sikuweza kumtazama. Akaketi mbele ya moja, akanisogezea nyingine, na zile mbili zilizobaki akazipakulia, akazifunika kwa kawa.

"Hawa tutawafunikia," akasema. "Kula, mwanangu."

Tukala. Nilimwambia wali wake ni mtamu, akaniuliza kama najua kuupika, nikasema najua. Hakuuliza lingine. Asubuhi ya kuondoka alinitoza kitanda kimoja.

Jumatatu nilishuka kwenye basi nikaenda kazini na begi. Saa ya chakula walinipokea kwa vigelegele, kisha wakanisimulia kwanjula: bibi harusi alivyokataa kutabasamu, mweka hazina alivyokanyaga busuuti yake akaanguka juu ya mapapai. Nilicheka mahali pote pa kucheka. Nilikuwa nawapenda bado. Halafu mwenyekiti akakumbuka. "Na maji yetu?"

Nikatoa chupa. Katibu akaleta kikombe, wakakipokezana. Mweka hazina alitema dirishani akaapa kwamba hakuna nywele inayoweza kupona humo. Mwenyekiti alikunywa wa mwisho, akafumba macho, akameza.

"Banange, kumbe ni kweli," akasema. Akaupangusa mdomo, akaketi wima kama alivyozoea kukaa kwangu. "Kale. Bahali tumeonja. Kamati imemaliza kazi yake. Katibu, andika: mkutano umefungwa."

Katibu akaandika hewani kwa kidole, wote wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Jumapili iliyofuata nilipika wali wa nazi kidogo tu. Nikavitoa vile vikombe vinne vya maua nikavipanga mezani, nikakaa. Jioni nikavikusanya, nikaviosha vyote vinne kwa sabuni, nikavifuta, nikavirudisha kabatini.