Nyasi Nilizomshikia Mdachi wa Ndege

Mume wangu alifungwa mnyororo kwenye boma la Arusha kwa sababu siku ya kazi ya barabara alibaki nyumbani, mimi nikijifungua. Askari alinipa habari hiyo kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Wakambebesha mawe ya kujengea boma. Kila nilipompelekea uji nilimkuta amepungua, na mara ya mwisho hakuweza hata kushika kibuyu. Nilimnywesha mwenyewe, mtoto mgongoni, askari wakicheka.

Wakati huo palikuwa na Mdachi aliyepiga hema karibu na mto. Kazi yake ilikuwa kuua ndege, kuwachuna, kuwajaza pamba na kuwapeleka kwao. Alimkosa mmoja tu, yule mdogo anayeimba katika msitu wa Meru kabla ya jua, ambaye kila mtu humsikia na karibu hakuna anayemwona. Mimi nilikijua kichaka chake, nilikuwa nakata kuni pale. Na Kidachi nilikisoma misheni, kwa hiyo nilimwendea bila mkalimani. Akasema nikimwonyesha ndege huyo atazungumza na bwana mkubwa wa boma, mume wangu afunguliwe. Nilimwamini kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumwamini.

Alfajiri, nikimfunga mtoto mgongoni, mama mkwe akaniambia, "Akikugeuka, chuma nyasi mbichi umshikie. Mtu akishikiwa nyasi hawezi kukupita, na akizipokea amekubali ombi lako."

"Mama, yule ni Mdachi."

"Hana mama aliyemzaa?"

"Anaye, lazima."

"Basi chuma nyasi. Kusoma kwako kote hujui hilo?"

Msituni yule bwana alivunja matawi kama ng'ombe mwenye kiu. Nikamwambia akae chini. Tukakaa kwenye umande, upupu ukiniwasha miguu. Ndege akaanza mbele yetu, akanyamaza, akaanza tena nyuma yetu.

"Wapi?"

"Hapo, bwana."

"Sioni kitu."

"Ungemwona usingenihitaji."

Mtoto akaanza kulia. "Nyamazisha hilo toto," akasema, hata hakugeuka. Nikampa ziwa. Mimi niliyebatizwa nikamwomba ndege: toka, toka, mtu wangu anakufa. Akatoka. Akatua kwenye tawi la chini, karibu kabisa nasi, koo limevimba kwa wimbo. Nikamwonyesha kwa kidevu.

Bunduki ikalia. Mtoto akashtuka, akaachia ziwa.

Yule bwana akamwokota ndege, akampindua kiganjani. Upande mmoja wa kifua haukuwepo.

"Ameharibika. Hafai."

"Lakini ndiye."

"Nataka mzima."

"Ulisema nikuonyeshe. Nimekuonyesha."

"Kesho nahamia Kilimanjaro. Nikirudi baada ya mvua tutajaribu tena."

"Na mume wangu?"

"Baada ya mvua," akasema, akaanza kufuta bunduki.

Baada ya mvua. Mtu asiyeweza kushika kibuyu. Nilitamani kumrukia usoni. Badala yake nikainama, nikang'oa nyasi hadi mkono ukajaa, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Huku kwetu hata aliyeinua mkuki angeushusha. Nyasi ndizo zinazosema.

Akazitazama. Akasema asante. Akazipokea, akajifutia damu vidoleni, zilizobaki akamfungia yule ndege, akamtia mfukoni, akashuka zake.

Nilimkuta mama mkwe amesimama mlangoni.

"Amekugeuka?"

"Amenigeuka."

"Ukachuma?"

"Nilichuma."

"Akazipokea?"

Nilikuwa na hasira hata ulimi ukawa mzito. "Alizipokea, mama."

Akafunga macho, akashukuru kwa Kimeru. Kisha akateleka chungu kikubwa, kile cha wageni, akaanza kupika uji wa mwanawe anayerudi nyumbani. Nilikaa karibu na moto, mtoto akinyonya, nikimtazama akiongeza unga.