Tulivyokisia Koti la Baba

Mwalimu wetu wa Kiswahili katika sekondari alitufundisha kitenzi kukisia kwa maneno ambayo sijayasahau. Alisema anayekisia habahatishi tu. Ana kitu mkononi, alama ya kiatu au moshi juu ya paa, na kutokana na kitu hicho anajenga habari nzima ambayo hakuishuhudia. "Lakini kitu hicho kikiwa si kweli," akasema, "nyumba yote inaanguka, pamoja na waliomo."

Nilikuwa kidato cha pili, miaka michache baada ya uhuru, baba alipotoka nyumbani kwetu Gatitu asubuhi kwenda mjini Nyeri, asirudi. Tulichokuwa nacho ni kimoja tu: koti lake zito la sufu halikuwa kwenye msumari wake. Mama akakisia kwamba mtu habebi koti kama lile wakati wa jua kali isipokuwa anahamia penye baridi. Wajomba wakakubali. Mmoja akaongeza mwanamke, mwingine akaongeza shamba. Nilipomaliza shule nilipewa kazi ya kumtafuta. Miaka ikapita nikizunguka kwenye baridi ya mlimani, Mweiga, Naro Moru, Nanyuki hadi Timau, nikichimba viazi vya watu, nikiuliza habari za mtu mrefu mwenye koti la kijivu. Nilizoea zaidi kulala kwa watu baki kuliko kwetu.

Siku moja, nikipita Nyeri, nilipeleka suruali yangu kwa fundi mzee wa mtaa wa Majengo, Mwislamu aliyejulikana kwa kugeuza makoti. Alikuwa akifumua koti lililopauka na kulishona upya, upande wa ndani ukawa nje, likaonekana jipya. Alinitazama kwa muda.

"Uko na uso ya mtu aliniachia koti," akasema. "Lakini yule alikuwa anajaza mlango. Wewe umerithi pua peke yake."

Akalitoa nyuma ya pazia. Sikulitambua, kwa kuwa lilikuwa limegeuzwa, mpaka nilipotia mkono mfukoni nikagusa kiraka cha gunia la unga alichokishona mama. Nikamwuliza mwenye koti alisemaje.

"Ati atachukua Ijumaa. Ati Jumamosi iko na harusi, hataki watu wa bibi wamcheke."

Kweli Jumamosi ya juma lile alilopotea, binamu yangu, mtoto wa mjomba, alikuwa akioa. Mtu anayeitoroka familia yake hageuzi koti la kuvaa harusini kwao. Baba alikusudia kurudi jioni ileile. Lolote lililompata, lilimpata pale mjini, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka nyumbani, nami nilikuwa nikimtafuta mlimani.

Nilimpelekea mama lile koti. Nilimwambia lilikuwa kwa fundi siku zote. Maneno ya Ijumaa na harusi hayakunitoka mdomoni. Alikipapasa kile kiraka kwa muda mrefu, kisha uso wake ukachangamka kwa namna iliyonivunja moyo.

"Kumbe alienda bila koti," akasema. "Basi yuko huko chini kwenye joto."

Jumatatu nilishuka Mwea, nikaanza kuuliza kwenye mashamba ya mpunga.