Mlingoti wa Mwakitolyo

Bartholomeo hajawahi kutuibia hata muhogo, hilo nalisema mbele ya mtu yeyote. Kazi yake ni kuongoza ndege kwa redio huko mjini, na kila mwisho wa juma hurudi Mwakitolyo kwa mkewe, Ritha. Tulimwamini mpaka ule mlingoti uliposimikwa.

Mafundi waliuweka kilimani, nyuma ya maduara yetu, yale mashimo tunayochimbia dhahabu. Mahali ambapo ndege haijatua tangu dunia iumbwe! Tukamwita Bartholomeo atueleze.

"Mlingoti unapokea ishara za ndege zinazopita juu," alisema. "Kompyuta inazipanga, na zikikaribiana inapiga kengele. Zamani nilizipanga kichwani. Sasa zitapita nyingi zaidi, na salama."

"Hata kukiwa na mawingu mazito inaziona?" akauliza Magesa, mchimbaji asiyemwamini hata mama yake mzazi.

"Hata mawingu."

"Basi kinachopenya mawingu, udongo utakishinda?"

Tukatazamana. Jamani, ungejibu nini? Bartholomeo alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Mtu akicheka mahali pa kujibu, ana lake jambo.

Kama mlingoti unaona dhahabu, basi ipo chini yake; Magesa akafungua duara jipya karibu nao kabisa. Tukamfuata wote, mimi na sululu ya marehemu mume wangu. Hatukupata hata chembe. Tulichopata ni waya mnene, Magesa akaukata akidhani ni mzizi.

Wakaja wakubwa na askari. Duara likafukiwa, mlingoti ukazungushiwa ukuta, na mlinzi mwenye bunduki akawekwa getini. Haya, niambieni, nani analinda upepo kwa bunduki?

Bartholomeo alipita nyumba kwa nyumba. "Shikamoo, mama. Naapa kwa Mungu, kule chini hamna kitu." Nikamwitikia marahaba, nikampa uji, wala sikumwamini. Akasema si neno, almradi nyumbani kwake anaaminika.

Juzi Ritha alikuja kwangu akilia. Alikuwa amempelekea mumewe maji ya kuoga, akampakulia ugali, kisha akamwuliza taratibu, "Baba Sesilia, mimi ni mkeo. Ni futi ngapi kwenda chini?"

Bartholomeo aliinuka. Aliacha ugali, akavaa shati, akarudi mjini siku ileile.

Nilimhurumia Ritha, nikamfuta machozi kwa kanga yangu. Kisha nikamwuliza, aliposikia swali lako, macho yake aliyaelekeza upande gani wa kilima?