Shimo Lisilojaa la Kawajense

Theopista anachungulia shimoni na kuona kuwa uchafu haujapanda hata shubiri moja. Ni saa moja asubuhi, Machi 1997, Kawajense mjini Mpanda. Wamekwisha kumwaga pipa la kwanza, lakini yeye bado ameinama pale juu, kanga kaifunga puani.

"Unatafuta dhahabu?" anamtania Mabula, mwenzake wa mkokoteni. "Wenyewe walishaimaliza, dada. Sisi tumeachiwa kuleta hii yetu."

Shimo hilo ni duara, yaani shimo refu la kuchimbia dhahabu, lililoachwa na wachimbaji wadogo. Theopista ana miaka ishirini na mbili. Shule aliishia darasa la tano. Kazi yake ni kutapisha vyoo. Humwaga mafuta ya taa kukata harufu, hushuka kwa kamba, hujaza ndoo, na Mabula huvuta. Mji unakua, vyoo vinajaa, gari la kunyonya majitaka hakuna. Kila wiki hupeleka mapipa sita.

Zamani waliyasukuma hadi handaki lililo nje ya mji, mwendo wa saa mbili. Halafu Eustace, mwenye mkokoteni, akaligundua duara.

"Tumepata choo kisichojaa!" aliwaambia. Wote walishangilia, Theopista akiwamo.

"Nilifurahi kwa sababu ya mabega yangu," anamwambia Mabula kwa sauti ndogo, akitazama vidole vyake. "Baadaye nikaanza kujiuliza, sasa uchafu wote huu unakwenda wapi?"

Aliwahi kumuuliza Eustace, mara moja tu. "Udongo unakula," alijibiwa. "Wewe shika ndoo yako."

Ukiteremka hatua kama mia kutoka kwenye duara, kuna kisima cha mtaa. Mwezi huu watoto watatu wa jirani wameharisha mpaka wakalazwa. Hakuna aliyepima maji, na Theopista hana ushahidi. Ila kila mvua inapopiga bati, usingizi unamruka.

Akisema, Eustace atampa kazi mtu mwingine, na mama yake mgonjwa anamtegemea yeye. Akinyamaza, watu wataendelea kuchota.

Anachotaka si kikubwa: warudi kwenye handaki la mbali, hata kwa mapipa machache, na mtaa utenge mahali halali pa kumwaga. Amemwomba Mabula amsindikize kwa mwenyekiti wa mtaa. Mabula amekuna kichwa, kisha akakubali. "Lakini utaongea wewe," amemwambia. "Mimi nitasimama mlangoni."

Saa nne, akiwa ameoga, Theopista anapita kisimani na ndoo tupu. Bibi Helena, jirani yake, anachota huku kambeba mjukuu mgongoni.

"Haya, bi harusi wa mapipa!" anasema Helena. "Kila siku mpaka bomba la misheni. Maji yetu yana miiba?"

Wanawake wanacheka. Siku zote Theopista hutabasamu na kupita. Leo anaitua ndoo. Anamtazama mtoto mgongoni, anayenyonya kidole chenye maji.

"Bibi, usimpe hayo," anasema.

Kicheko kinakatika. "Kwa nini?"

"Mimi niliacha kuyanywa tangu masika ya mwaka jana. Niliogopa kwamba yale tunayomwaga kule juu yanashuka humu. Niliogopa peke yangu, nikawaacha nyie mnywe."